Mwenyekiti wa Geti Dogo

Hakuna aliyewahi kumchagua. Niliseme hilo mapema, kwa sababu mtu akisikia tukimwita Mwenyekiti atadhani palikuwa na kura, wagombea na mtu wa kuhesabu mikono. Hapakuwa na lolote. Alikuwa mama wa Kisomali aliyekulia Kenya, jirani yangu wa mlango wa pili kwenye maghorofa ya Nechells, Birmingham, na jina hilo lilimganda kwa sababu kila palipokuwa na viti vilivyopangwa na watu wakitazama upande mmoja, yeye aliketi mstari wa mbele na kuuliza kwa sauti mbona hatujaanza.

Niseme na mimi nilivyo, ili mtu ajue habari hizi zinatoka kwa nani. Mimi ni mwoga. Panya simwogopi, giza silijali. Ninaogopa maikrofoni, ofisi, na mtu yeyote aliyening'iniza kitambulisho shingoni. Nilikuja Birmingham kutunza wazee katika nyumba moja kule Edgbaston, na viza yangu ilimtegemea mwajiri wangu. Mtu wa viza ya namna hiyo hujifunza kuishi kama aliyechelewa ibada, anayetafuta kiti cha nyuma bila kugusa mtu. Mwenyekiti hakulielewa hilo hata siku moja.

"Nesi," aliniita hivyo miaka yote, ingawa nilimweleza mara nyingi kwamba mimi si nesi, "kwani wewe umefanya makosa gani?"

"Hakuna, Mama."

"Sasa mbona unatembea kama umeiba?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa na tabia ya kukuuliza swali la mzaha, kisha anasubiri jibu.

Uwanja wake wa mapambano ulikuwa kamati ya bustani. Kamati hiyo ilikutana mara chache kwa mwaka katika ukumbi mmoja kule Newtown, kuamua habari za miti, mabenchi, bembea za watoto na mageti ya upande wetu wa mji. Kabla wajumbe hawajaanza ajenda zao, wananchi walipewa nafasi ya kutoa maoni. Unajiandikisha mlangoni, unaitwa, unasimama mbele ya maikrofoni, unapewa dakika tatu. Zikiisha, kengele ndogo inagongwa na mwenyekiti halisi, mama wa Kiingereza mwenye sauti ya upole, anakushukuru. Ukishashukuriwa, basi, umekwisha.

Mwenyekiti wetu hakukosa kikao. Alivaa koti zito juu ya dirac, gauni lake pana la Kisomali, raba nyeupe miguuni, na mkononi alibeba chupa ya chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi ya kuunguza koo. Chai hiyo hakuwahi kuinywa mwenyewe. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha bawabu wa ukumbi, kijana mkubwa wa Kijamaika aliyemwita "Auntie" na kumshikia mlango kana kwamba ni balozi. Kikombe cha pili alimpelekea karani. Mara moja alimpelekea mjumbe aliyepinga kila alichosema, na yule mjumbe akanywa, akapiga chafya, na bado akapinga.

Mimi nilikuwa namsindikiza. Sababu yangu ilikuwa wasiwasi. Nilihisi nisipokuwepo atasema kitu kitakachotufukuzisha sote nchini, ingawa yeye alikuwa na pasipoti na hakuna wa kumfukuza. Nilikaa mstari wa nyuma, nikishikilia mkoba wangu kwa mikono miwili, nikitazama saa ya ukutani.

Shida yake ilikuwa salamu.

Alikuwa amelelewa kwenye mikutano ya nyumbani, ambako mtu hasimami tu na kutapika shida. Unaanza na meza kuu, mmoja mmoja kwa cheo chake. Unashuka kwa wageni, unawatambua wazee, unamshukuru Mungu aliyewafikisha salama, unatoa pole kwa waliofiwa, ndipo unasema ya kwamba itifaki imezingatiwa na sasa unaomba ruhusa uguse jambo moja dogo. Kwake, kuanza na shida kabla ya salamu ni sawa na kuingia nyumba ya mtu na kufunua sufuria.

Mara ya kwanza niliyomsikia, alimsalimu mwenyekiti wa kamati kwa jina la Mheshimiwa, akawasalimu wajumbe kwa kuwaelekezea mkono kila mmoja, akamsalimu karani, akamsalimu bawabu, akashukuru kwamba mvua imekatika. Kisha akamgeukia mjumbe mmoja aliyekuwa akikohoa kikao kilichopita na kumuuliza kama amepona. Yule bwana akashtuka, akasema amepona, asante sana. Mwenyekiti akataka kujua alitumia dawa gani. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nikitazama saa. Alipofika kusema, "Sasa, waheshimiwa, nije kwenye geti," kengele ikagongwa.

Nje ya ukumbi alikuwa amechangamka kama bibi harusi. Tulikuwa na jirani yetu mwingine, Papa, mzee wa Kikongo wa ghorofa ya chini aliyeshona nguo na kuimba kwaya. Papa ndiye alikuwa na ujasiri wa kumwambia.

"Mama, minuti yote tatu inaishia ku salamu! Geti haukutaja hata kidogo. Vraiment!"

"Nimewafungua masikio," Mwenyekiti akajibu. "Next time wataniskia vizuri."

"Next time utasalimia tena."

"Sasa nisiwasalimie? Mimi ni mnyama?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kikao baada ya kikao alipunguza mtu mmoja katika salamu, kwa uchungu, kama anayekata jina la ndugu kwenye orodha ya harusi. Akaacha kumtaja bawabu, halafu usiku ule akarudi kumwomba radhi.

Geti lenyewe ungelipita usilione. Lilikuwa nyuma ya maghorofa yetu, geti jembamba la chuma lililoingia bustanini kati ya ukuta na kichaka cha miiba. Kamati ilitaka kulifunga moja kwa moja. Vijana walikuwa wakipita hapo na pikipiki, na watu wasio na haya walitupa magodoro ya zamani mlangoni pake. Mlango mwingine wa bustani ulikuwepo, mkubwa na mzuri, ila kuufikia ilibidi utokee barabara kuu ambako malori ya maghalani yanapita bila kupumua. Kwa mtu mwenye miguu na akili timamu, si safari kubwa. Ndivyo wajumbe walivyosema, na kwa mtu wa namna hiyo walikuwa na haki.

Alipofanikiwa kuwahi kengele, Mwenyekiti aliwaeleza habari za akina mama wenye vigari vya watoto na watoto wanaotoka shule. Na daima alimalizia na wazee. Hata katika Kiingereza chake neno hilo hakulibadilisha. "Our wazee," alisema. "Our mzee must pass."

Siku moja mwenyekiti wa kamati akamuuliza kwa adabu, huyu Mzee ni nani?

"Wote," Mwenyekiti akajibu haraka. "Kwetu wote ni mzee."

Nikamtazama kutoka kiti changu cha nyuma. Nilijua mzee ni yupi.

Lakini kabla sijafika huko, nimalize habari za tabia zake, maana alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake mchana kweupe. Aliipigania bustani kuliko mtu yeyote, lakini akiingia humo alitembea akigusa ukuta kwa sababu ya mbwa. Hata kale kambwa kadogo ka bibi mmoja, kanakovalishwa sweta, kalimfanya apande juu ya benchi na kusoma dua. Aliwaambia vijana wa pikipiki kwamba atawaitia polisi, na wiki hiyo hiyo aliwapelekea sambusa wakati wa Ramadhani, hata wale wasiofunga. Aliwakemea wanaotupa takataka kwa lugha tatu. Lakini jokofu lake bovu lilikaa kwenye korido yetu miezi, nikilipita kwa ubavu.

Na alikuwa na neno lake moja aliloturudia mpaka tukachoka: "Ukinyamaza, wanaandika umekubali." Kwa neno hilo alimsukuma kila mtu kwenye maikrofoni. Alimtaka mtu aseme la kwake, la ndani, si maneno ya jumla. "Wazungu hawaogopi maneno ya jumla," alimwambia Papa. "Waambie goti lako." Papa akaenda akawaambia goti lake, na ili waamini akapandisha suruali mbele ya kamati. Mwenyekiti akampigia makofi mpaka kengele haikusikika.

Yeye la kwake hakulisema kamwe.

La kwake lilikuwa mume wake. Sisi tulimwita Mzee tu, na nadhani hata yeye wakati huo alikuwa amebaki na jina hilo peke yake. Walikuwa wameishi Uholanzi kabla ya kuhamia hapa, na huko alifanya kazi kwenye ghala la maua miaka mingi. Watu waliomjua zamani walisema alikuwa mcheshi, mtu wa kukaa barazani na kumaliza ugomvi wa wengine. Mimi nilimkuta akili imeshaanza kumwacha. Aliwasemesha njiwa Kiholanzi. Mara nyingine alinisalimu mimi kwa Kiholanzi, nami nikajibu "salama, Mzee," na wote wawili tukaridhika.

Lakini kila asubuhi, baada ya chai, alivaa kofia yake, akashuka, akapita geti dogo, akazunguka uwanja, akakaa kwenye benchi linalotazama miti, kisha akarudi. Peke yake. Kichwa kilikuwa kimesahau mengi, ila miguu ilikuwa bado inajua. Ninafanya kazi na watu wa hali yake, na nimeona kinachowapata wakizuiwa kutembea. Wanakaa dirishani wakichezea vifungo vya sweta, na baada ya muda hata dirishani hawaangalii. Mwenyekiti alikuwa akinihoji juu ya kazi yangu, kwa kujifanya hana sababu. Milango yenu inafungwa? Inafungwa, Mama, kwa namba. Wanalia? Wengine. Anaitikia kwa kichwa, anabadilisha mazungumzo.

Asubuhi moja mafundi walikuja kurekebisha ukuta, wakalitia geti mnyororo. Walikusudia kuuondoa kabla ya mchana. Mimi nilikuwa natoka zamu, nimekaa kwenye basi, nikamwona Mzee pembeni mwa barabara kuu. Alikuwa amesimama pale ambapo hakuna njia ya miguu, malori yakimpeperusha koti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, na vidole vikipapasa hewani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akitafuta komeo la geti.

Sijui nilivyomfanya dereva asimame. Nakumbuka tu nikikimbia, na mkono wa Mzee ulivyokuwa baridi nilipoushika. Alinitazama kwa upole akaniambia kitu kwa Kiholanzi. Tulirudi polepole tukiwa tumeshikana mikono.

Mwenyekiti alipofungua mlango alitutazama, akaelewa yote. Hakupiga kelele. Alimkalisha mumewe, akamvua viatu vilivyojaa tope, akamwosha miguu kwenye beseni. Alipomaliza ndipo akaniambia.

"Usimwambie mtu."

"Mama, hili ndilo la kuwaambia kamati. Ukilisema hili moja tu, hawatafunga."

"Nisimame mbele ya watu niseme bwana yangu ameharibika akili?" Akamtazama mumewe. "Huyu? Watu walikuwa wanakuja kwake kuomba ushauri, Nesi. Nikisema hivyo, huyo ndiye watamjua. Huyo tu."

Nikachukua beseni nikamwaga maji.

"Na wakijua kwamba peke yake hawezi," akaendelea, "watakuja na vitambulisho vyao hapa shingoni, waniulize maswali, halafu wamchukue. Wampeleke kwenu huko kwa milango ya namba."

Nilitaka kumwambia kwamba mambo hayaendi hivyo. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kuruka kila kengele ya mlango ikilia, nikidhani wamekuja kwa ajili yangu. Ningemtuliza kwa kinywa gani? Tangu siku ile hofu zetu mbili ziliishi korido moja, na tulipokutana kwenye ngazi tulisalimiana kwa sauti ya chini.

Kikao cha uamuzi kilikuja mwisho wa majira ya baridi. Tulipanda basi la kwenda Newtown. Mwenyekiti aligombana na dereva juu ya kituo alichokiruka, kwa Kiingereza cha kunyoosha. Kisha akanisogelea.

"Leo mimi sijui Kiingereza."

"Mama?"

"Imeandikwa pale ukutani mwa ukumbi. Mtu anayeongea na mkalimani anapewa muda mara mbili. Nimeisoma mwenyewe." Akanigonga goti. "Utatafsiri wewe."

"Umeisoma kwa Kiingereza."

"Ndiyo."

"Na dereva je? Umemtukana sasa hivi."

"Dereva si wa kamati."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia watataka jina langu, litaingia kwenye kumbukumbu za kikao, mwajiri atalisikia. Nilimwambia nitazirai. Alinisikiliza kwa heshima yote, akanimiminia chai, ikawa ndiyo mara ya kwanza mimi kupata kikombe chake kwenye safari ya kikao. Nikajua nimekwisha.

Tulipoitwa, miguu yangu ilikwenda bila mimi. Karani aliuliza jina langu, nikataja la kwanza tu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Mwenyekiti akashika chuma cha maikrofoni, akavuta pumzi, na katika Kiswahili, bila mtu wa kumzuia, akaachia salamu zote alizokuwa amezikata vikao vyote vile. Meza kuu, wajumbe, karani, bawabu na mama yake bawabu aliyelazwa hospitali. Baridi iliyopungua. Neema ya Mungu. Mwaka mpya uliopita na Ramadhani inayokuja. Niliona saa ikienda. Aliponyamaza na kunigeukia, nikainama kwenye maikrofoni nikasema kwa Kiingereza:

"Habari za jioni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti alinikata jicho, na mimi nilitamani sakafu inifungukie. Lakini angalau tulikuwa tumefika kwenye geti.

Akaeleza akina mama na vigari, nikatafsiri. Akaeleza watoto, nikatafsiri. Nilidhani amemaliza. Nilimwona anakibana kile chuma mpaka vidole vikapauka.

"Mzee wangu hupita hapo kila asubuhi," akasema.

Katika ukumbi ule ni Papa, aliyekuja kusikiliza, na mimi tu tuliojua alichosema. Mzee wangu. Neno letu hilo lina nafasi kubwa ndani yake, unaweza kumsema baba yako, mumeo, hata jirani unayemheshimu. Nikaona mlango wa kumfichia, nikapitia humo. Nikasema kwa Kiingereza kwamba kuna mkazi mmoja mwenye umri mkubwa anayepita pale.

"Siku ile mlipotia mnyororo," akaendelea, "alikwenda barabarani kulitafuta geti."

Nikasema kwamba mkazi huyo siku moja alitokea barabara kuu.

Mwenyekiti wa kamati akavua miwani. Akauliza mkazi huyu ni nani hasa, na kama ana mtu wa karibu anayemwangalia. Lile swali ndilo tulilokuwa tukiliogopa wote wawili. Nikaanza kusema ni jirani tu, mmoja wa wazee wetu, hatuna hakika...

"Husband," Mwenyekiti akasema.

Aliisema kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile aliyomwambia dereva wa basi. Nilimgeukia. Hakunitazama.

"Not one of the wazee. My husband. Mine."

Kila mtu aliyekuwepo alikuwa ameelewa mambo mawili kwa pamoja, kwamba mama huyu ana mume mgonjwa, na kwamba Kiingereza anakijua vizuri sana. Karani alishainua mkono kwenye kengele. Mwenyekiti wa kamati akauweka wake juu ya mkono huo, akasema, tafadhali endelea.

Akaendelea, kwa Kiingereza, bila kumsalimu mtu yeyote. Alieleza ghala la maua. Alieleza kofia na benchi. Alieleza kwamba hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo mume wake anakwenda mahali anapopajua na kurudi nyumbani mwenyewe, na kwamba anarudi akiwa na furaha, anasimulia aliyoyaona, hata kama aliyoyaona yalikuwa ya mji mwingine. Alieleza mkono uliotafuta komeo. Nilikuwa nimemwelezea hilo mimi, na sikujua kama amelibeba hivyo. Papa alikuwa akilia waziwazi. Mimi nilisimama pembeni yake nisiye na kazi tena, nikimshikia chupa ya chai.

Waliamua geti libaki wazi. Watajenga vyuma vya kuzuia pikipiki, mtu apite. Watu walitupongeza, bawabu akambeba Mwenyekiti kwa kumkumbatia. Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani akajifunika uso kwa shungi.

"Sasa wanamjua hivyo," akaniambia.

Nikamrudishia chupa yake ya chai.

Hakuna aliyekuja na kitambulisho kumchukua Mzee. Alikuja dada mmoja wa huduma za wazee, akanywa chai, akaacha namba ya simu, na kila aliporudi alikunywa tena. Mwenyekiti aliendelea na vikao, safari hii kwa ajili ya taa za bustani. Mimi nikahamia karibu na kazi, upande wa Edgbaston, na nikawa namsikia kwa simu tu, simu zake ndefu zisizo na mwisho, ambazo nusu nzima ilikuwa salamu.

Nilimwona tena msimu wa masika wa mwaka uliofuata. Nilikuwa nimelala kwa rafiki yangu pale Nechells aliyejifungua, na asubuhi nikakatiza nyuma ya maghorofa kuwahi basi la kazini. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando ya geti, upande wa ndani, mgongo ukutani. Alikuwa amekonda. Akanikumbatia kwa nguvu, akaniuliza mama yangu, ndugu zangu, kazi, viza, mtoto wa rafiki yangu. Alipokuwa akiuliza, macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye benchi, ambako Mzee alikuwa ameketi na kofia yake.

"Unafanya nini hapa, Mama? Mbwa je?"

"Mbwa wapo." Hakuyaondoa macho kwenye benchi. "Miezi hii harudi, Nesi. Anaenda vizuri, anakaa, halafu akitoka hapa getini hajui aende wapi. Mara mbili nimemkuta mbali kabisa."

"Umemwambia yule dada wa huduma?"

"Nimemwambia. Wanatafuta mtu wa kutembea naye. Wanatafuta." Akalishika lile geti kwa kiganja. "Nilisimama mbele yao nikaomba wasifunge. Wakanipigia makofi. Sasa kila asubuhi akivaa kofia, naomba Mungu nilikute limefungwa."

Nikaweka kiganja changu juu ya chuma, karibu na chake.

"Na siwezi kurudi kwao niseme hivyo," akaongeza. "Wale akina mama wanapita hapa. Papa anapita na goti lake. Nitasema nini? Na yeye..." Akaelekeza kidevu kwenye benchi. "Angalia uso wake."

Nikaangalia. Mzee alikuwa akiongea na mtu asiyekuwepo, akicheka kidogo, mkono mmoja ukichora kitu hewani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye mahali pake.

Kisha akainuka. Alikuja kwenye geti kwa mwendo wake ule wa zamani, akapapasa komeo, akalipata, akapita katikati yetu. Alitugusia ukingo wa kofia kama wanawake asiowajua. Kushoto ndiko nyumbani. Akasimama kidogo, akageuka kulia, kuelekea barabarani.

"Mwite, Mama," nikasema.

"Nikimwita anaogopa, anakimbia."

Akajifunga shungi, akaniachia mkono, akamfuata. Hakuharakisha. Alitembea nyuma yake kwa umbali wa mtu anayekwenda na shughuli zake, akitazama pembeni kila Mzee alipogeuza kichwa. Nyuma ya ukuta nilisikia malori. Basi langu lilitokea kwenye kona, likasimama kituoni, likafungua mlango. Nikalitazama mpaka lilipoondoka, kisha nikaenda nyuma yao, upande wa barabara.